Kubadilisha Foki ya Mbele kwenye Pikipiki ya Zamani: Pima Kwanza, Fungua Baadaye

Pikipiki za zamani hazijaisha Nairobi. Yamaha DT, Honda XL, Suzuki TF na Honda CG125 bado zinapiga kazi, na injini zake zikitunzwa huvumilia sana. Kinachozishinda kwa kawaida ni upande wa mbele. Bomba za shoki zimeliwa na kutu, oili inavuja hata baada ya kuweka sili mpya, na breki ya dramu inachoka ukiteremka kuelekea Mai Mahiu na mzigo. Ndipo mwenye pikipiki anapoamua kuweka foki ya pikipiki nyingine, mara nyingi yenye diski.

Kazi hii inawezekana. Ikifanywa sawasawa, pikipiki inashika barabara na kusimama vizuri kuliko ilivyokuwa mpya. Ikifanywa kwa kukisia, usukani unaanza kutikisika ukifika kasi ya 70 au 80, au shina linakatika kwenye tuta. Yote mawili hutokana na vipimo ambavyo havikuchukuliwa kabla ya pesa kutoka mfukoni, kwa hivyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kupima.

Tuelewane majina. Foki ni mkusanyiko wote wa mbele: bomba mbili za kromu, miguu ya alumini inayoteleza juu yake (kila bomba na mguu wake ndiyo shoki), kibano cha juu kinachobeba usukani, kibano cha chini, na shina, yaani chuma kinachopita ndani ya shingo ya chesisi na kuunganisha vibano hivyo viwili. Shina linazunguka juu ya beringi mbili, moja juu ya shingo na nyingine chini.

Vipimo vya pikipiki yako

Unahitaji vania (kifaa cha kupimia vipenyo), rula ndefu ya chuma, daftari, na simu yenye programu ya kupima mlalo. Simamisha pikipiki wima kwenye sakafu tambarare kisha uandike haya:

- Kipenyo cha tundu la shingo, juu na chini, vikombe vya beringi vikiwa vimetolewa. Pima mara mbili kwa njia ya msalaba. Shingo iliyowahi kugongwa huwa na tundu la yai, na tofauti ikizidi 0.1 mm, beringi mpya haitakaa.
- Urefu wa shingo, kutoka pale kikombe cha juu kinapokalia hadi pale cha chini kinapokalia.
- Kipenyo cha shina la zamani chini na juu, na aina ya uzi wa nati yake.
- Urefu wa foki kutoka katikati ya ekseli hadi ncha ya juu ya bomba, gurudumu likiwa hewani.
- Kimo cha ekseli kutoka ardhini, pikipiki ikiwa chini. Hiyo ndiyo nusu kipenyo ya gurudumu pamoja na tairi.
- Mlalo wa shingo. Weka simu sambamba na bomba za shoki usome nyuzi kutoka wima. Pikipiki nyingi husoma kati ya 25 na 29.

Kipimo kinachosahaulika ni mwachano, yaani umbali kati ya katikati ya shina na mstari unaopita katikati ya bomba mbili. Weka rula iguse bomba zote mbili kwa mbele, pima kutoka rula hadi uso wa mbele wa shina, ongeza nusu kipenyo ya shina, toa nusu kipenyo ya bomba. Pikipiki nyingi za vumbi, yaani za njia mbovu, zina ekseli iliyosogezwa mbele ya bomba. Hapo ongeza pia huo usogezo.

Kwa nini mwachano una uzito

Chora mstari kufuata shingo hadi chini. Utagonga ardhi mbele kidogo ya pale tairi linapogusa. Umbali kati ya sehemu hizo mbili, ambao hapa tutauita mfuato, ndio unaofanya gurudumu lijinyooshe lenyewe. Mfuato ukipungua sana, usukani unakuwa mwepesi mno na unaanza kutikisika. Ukizidi sana, pikipiki inakuwa nzito kupinda kwenye msongamano na inakataa kona.

Hesabu yake: zidisha nusu kipenyo ya gurudumu kwa sin ya mlalo, toa mwachano, kisha gawa kwa cos ya mlalo. Kikokotoo cha simu kinatosha.

Chukua gurudumu lenye nusu kipenyo 310 mm, mlalo wa nyuzi 27 na mwachano wa 45 mm. Mfuato ni kama 107 mm. Ukileta foki yenye mwachano wa 55 mm, mfuato unashuka hadi 96. Kwa mwachano wa 35 unapanda hadi 119. Yaani kila milimita 10 za mwachano zinasogeza mfuato kama milimita 11.

Sasa tazama kosa linaloonekana kila siku: pikipiki ya vumbi yenye gurudumu la inchi 21 mbele inawekewa foki pamoja na rimu ya inchi 17. Kwa tairi la unene uleule, ekseli inashuka milimita 51. Kama kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni 1300 mm, chesisi yote inainama mbele zaidi ya nyuzi 2, na mfuato uliokuwa karibu 123 mm unabaki kama 84. Pikipiki hiyo itatikisa usukani kwenye Thika Road, na hakuna beringi wala tairi jipya litakaloiponya.

Tunashauri ubaki ndani ya milimita 10 hadi 15 za mfuato wa kiwandani, na ubakishe rimu ya ukubwa uleule. Habu ya diski, yaani kitovu cha gurudumu, inaweza kufungwa spoki kwenye rimu yako ya zamani mradi idadi ya matundu ilingane, kwa kawaida 36 kwa 36. Fundi wa spoki atahitaji spoki za urefu mpya kwa sababu habu imebadilika kipenyo. Rimu ya alumini isiyo na spoki haikupi nafasi hiyo, kwa hivyo usiinunue kwa sababu tu inang'aa.

Urefu wa foki nao una mipaka. Tofauti ya hadi milimita 25 hurekebishwa kwa kupandisha au kushusha bomba ndani ya vibano. Zaidi ya hapo, tafuta foki nyingine.

Kununua

Sehemu za mtumba na za pikipiki zilizobomolewa hupatikana Kirinyaga Road na vichochoro vya Grogan, na Kariobangi Light Industries ndiko kwenye mafundi wengi wa leithi, mashine ya kukereza chuma. Nenda na vania na daftari lako. Dai risiti, hata kama muuzaji anasema si lazima. Foki inaweza kuwa imetoka kwenye pikipiki ya wizi, na risiti ndiyo ushahidi wako.

Nunua foki kamili kutoka kwenye ekseli hadi usukani: vibano vyote viwili na shina, miguu yote miwili, ekseli na spesa zake, gurudumu au angalau habu na diski, kalipa (inayobana diski), hosi, masta silinda (pampu ya breki iliyo kwenye usukani) na mkono wake. Ukinunua shoki mbili peke yake kwa sababu ni nafuu, utazunguka mji mzima ukitafuta spesa moja, na mwisho utachanganya kalipa ya huku na masta silinda ya kule.

Kabla ya kulipa, kagua kwa utaratibu huu. Pitisha ukucha juu ya kromu pale sili inapoteleza. Ukucha ukikwama kwenye shimo la kutu, sili mpya itachanika upesi. Kutu iliyo juu, sehemu inayobanwa na kibano, haina shida. Bingirisha bomba juu ya kioo kinene: mwanga ukipita na kupotea chini ya bomba, limepinda. Kwenye leithi, kiwango cha kukataa ni mpindo wa zaidi ya 0.2 mm. Bomba lililokunjika karibu na kibano cha chini lisinyooshwe, kwa maana hapo ndipo litakapokatikia. Kagua pia kibano cha chini kwa ndani ya kona zake na utazame kama vizuizi vya usukani bado vipo. Kizuizi kilichobondeka kinaonyesha pikipiki ilianguka vibaya.

Kuoanisha shina na shingo

Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika. Kuna njia tatu, na tunazipanga kutoka iliyo bora.

Njia ya kwanza ni beringi peke yake. Kama shina la foki mpya lina urefu unaofaa, huenda ukapata beringi za roli zenye mdomo wa ndani unaolingana na shina na mdomo wa nje unaolingana na shingo. Namba za kutafuta kwenye maduka ya beringi ni 32004 (20×42×15 mm), 32005 (25×47×15), 320/28 (28×52×16) na 32006 (30×55×17). Zipo pia za pikipiki hasa, kama 25×48×15 na 26×47×15. Beringi ya juu na ya chini si lazima zifanane. Kumbuka kwamba beringi ya roli ni nene kuliko seti ya zamani ya vikombe na gololi, kwa hivyo pima tena kama uzi wa juu wa shina utabaki wa kutosha. Nati ya juu lazima ishike uzi kwa unene wake wote.

Tundu la shingo likiwa kubwa kuliko beringi, fundi wa leithi hukereza pete ya chuma yenye ukuta usiopungua 2 mm. Shina likiwa jembamba kuliko beringi, anakereza bushi ya kulivika. Vyote viingie kwa presi, visiingie kwa mkono. Tundu likiwa dogo kuliko beringi, usikubali shingo ichongwe. Ukuta wake ni mwembamba tayari, na kwenye pikipiki nyingi namba ya chesisi imepigwa hapohapo. Namba hiyo ikiguswa na jiwe la kusagia, una kesi na NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) na polisi.

Njia ya pili ni kuhamisha shina. Unatoa shina la foki mpya kwenye kibano chake cha chini na kuingiza shina lako la zamani, ambalo tayari linajua beringi zako. Hili linawezekana pale kibano ni cha alumini na shina limeingizwa kwa presi kutoka chini. Toa pete ya kufungia kama ipo, kagua kama kuna nukta ya weldi chini, pasha kibano moto hadi tone la maji lichemke mara moja juu yake, kisha ukandamize kwa presi ya tani 10 hadi 20 huku kibano kimeshikiliwa karibu kabisa na tundu. Ukikishikilia kwenye masikio ya bomba, kitapinda.

Shina la zamani likiwa jembamba, linavikwa bushi. Likiwa nene, tundu la kibano linachongwa. Kwa shina la mm 30, shina liwe nene kuliko tundu kwa 0.03 hadi 0.05 mm. Chini ya hapo litazunguka ndani ya kibano. Juu ya hapo kibano kitapasuka, labda leo, labda baada ya mwezi.

Njia ya tatu ni kukereza shina jipya. Agiza chuma cha EN19, si chuma laini cha madirisha. Mwambie fundi aache kona ya mviringo pale kipenyo kinapobadilika, kwa sababu mkato mkali ndio mwanzo wa ufa, na akate uzi unaolingana na nati halisi ya pikipiki.

Pikipiki nyingi ndogo za kisasa zina kibano cha chini cha bati zito na shina lililochomelewa kiwandani. Hilo halihamishiki. Na kuna jambo moja ambalo halina mjadala: shina halikatwi na kuungwa kwa weldi ili lirefuke au lifupike. Weldi ya barabarani inaonekana imeshika, kisha inaachia yote mara moja, na anayeendesha hana la kufanya. Fundi akikuambia amewafanyia wengi, chukua foki yako uondoke.

Kuvua ya zamani

Inua mbele kwa kuweka kreti au jeki chini ya injini, na ufunge nyuma kwa kamba isije ikaruka. Toa tangi, gurudumu, madigadi, taa na kebo. Piga picha za njia ya kila kebo na kila waya. Legeza nati ya juu, shikilia foki kwa chini, shusha. Kama ni beringi za gololi, weka kitambaa chini, maana zitamwagika.

Shingo ikiwa tupu, ikague kwa njia ya zamani isiyo na gharama. Isafishe kabisa, paka mafuta ya taa kwenye maungio ya shingo na chesisi, subiri dakika 20, futa kukauka, kisha paka unga wa chaki. Pakiwa na ufa, mafuta yatajitokeza na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Diski inavuta shingo kwa nguvu kuliko dramu ilivyofanya, kwa hivyo ufa mdogo wa leo utakua.

Kufunga beringi

Weka vikombe vipya kwenye friza usiku mzima ili vinywee. Viingize shingoni kwa fimbo yenye uzi, washa nene na nati mbili, ukivuta polepole ili viingie sawa. Kama huna, tumia kikombe cha zamani kilichokatwa mpasuko kama kigongeo, na ugonge kuzunguka. Sauti ikibadilika kutoka butu kuwa kali, kikombe kimekalia. Koni ya chini ipashe moto usiozidi nyuzi 110 za Selsiasi, iteleze kwenye shina. Ukizidisha moto, chuma kinaweza kupoteza ugumu wake.

Jaza grisi ya lithiamu namba 2 katikati ya roli, uisukume kwa kiganja hadi itokee upande wa pili. Paka pia ndani ya shingo, kwa sababu maji ya Machi hadi Mei hupita kila mahali.

Kukaza ni kwa hatua. Kaza nati ya marekebisho kama 25 Nm (nyutoni-mita, zinazosomwa kwenye spana ya kupimia nguvu) ili beringi zikalie, zungusha usukani mwisho hadi mwisho mara tano, legeza kabisa, kisha kaza tena kidogo tu, kiasi cha nguvu ya vidole kwenye spana fupi. Kipimo ni hiki: gurudumu likiwa hewani na limenyooka, lisukume kidogo kwa kidole, liende lenyewe hadi mwisho pande zote mbili bila kusita. Kisha shika miguu ya foki, vuta na sukuma: isicheze hata kidogo. Usukani ukisita katikati, umekaza sana, na pikipiki itayumba barabarani kama inayofuata reli.

Shoki zenyewe

Hata kama hazivuji, badilisha sili na oili. Saizi imeandikwa kwenye sili: bomba la 31 mara nyingi ni 31×43×10.3, la 33 ni 33×46×11, la 35 ni 35×48×11, la 37 ni 37×50×11. Funika mdomo wa bomba kwa nailoni iliyopakwa oili unapopitisha sili, vinginevyo ukingo wake utakatwa kabla hata ya safari ya kwanza.

Tumia oili ya foki ya 10W. Oili ya injini ni nzito na hutoa povu. Kama huna kitabu cha foki hiyo, usipime kwa ujazo peke yake. Toa springi, bonyeza bomba hadi mwisho, mimina oili, pampu taratibu mara kumi kutoa hewa, kisha rekebisha kimo kiwe kama 150 mm kutoka mdomo wa juu, sawa kabisa pande zote mbili. Hewa inayobaki juu hufanya kazi kama springi ya pili. Oili ikizidi, hewa inakosa nafasi na sili zinasukumwa nje. Ikipungua, foki inagonga mwisho kwenye kila shimo la Jogoo Road.

Springi za pikipiki nzito zitakuwa ngumu juu ya pikipiki nyepesi, na gurudumu litaruka badala ya kufuata barabara. Pima ulegevu: pikipiki ikiwa na mwendeshaji na mzigo wake wa kawaida, foki ishuke karibu theluthi moja ya mwendo wake, yaani 35 hadi 40 mm kwa foki ya mm 125. Ikishuka zaidi, ongeza kipande cha bomba nene la PVC juu ya springi, mm 10 kwa wakati, na washa ya chuma kila upande. Isiposhuka kabisa, hata PVC haina kazi; unahitaji springi laini zaidi. Bodaboda anayebeba abiria apime akiwa na abiria.

Kabla ya kurudisha springi kwa mara ya mwisho, fanya jaribio ambalo wengi huliruka. Funga foki bila springi, weka gurudumu na madigadi, kisha ushushe pikipiki hadi foki ifike mwisho kabisa. Tairi lisiguse kibano cha chini, wala paipu ya moshi, wala injini. Iache nafasi ya angalau mm 15. Ikigusa, shusha bomba kwenye vibano au badilisha madigadi. Tairi linalogusa kibano ukiwa kasi linafunga gurudumu papo hapo.

Gurudumu na breki

Ingiza ekseli kwa mkono, isilazimishwe. Gurudumu likae katikati ya miguu, na diski ipite katikati ya kalipa. Spesa zikerezwe nyuso zake zikiwa sambamba, maana spesa iliyokatwa kwa hakso inapindisha ekseli na kuua beringi za habu. Kaza ekseli kati ya 45 na 60 Nm ikiwa ni ya M12. Kabla ya kukaza bolti za kubana za M8 kwa 20 hadi 23 Nm, bonyeza foki mara kadhaa ili miguu ijipange yenyewe. Ukianza na bolti hizo, mguu mmoja utabaki umevutwa na foki itakwama.

Kuhakikisha foki haijajikunja, laza kipande cha kioo juu ya bomba mbili kati ya vibano. Kioo kikitikisika kona hadi kona, legeza vibano, gonga kwa nyundo ya mpira, kaza upya.

Masta silinda ibaki ile iliyokuja na kalipa. Ikiwa kubwa mno, mkono wa breki unakuwa mgumu na pikipiki haisimami; ikiwa ndogo mno, mkono unafika hadi kwenye usukani. Bolti ya hosi ni M10, lakini uzi unaweza kuwa 1.25 au 1.00. Zinaanza kuingia zote mbili, kisha isiyo yake inaharibu alumini. Weka washa mpya za shaba, moja kila upande wa jicho la hosi. Tumia mafuta ya breki ya DOT 4 kutoka kopo ambalo halijafunguliwa, na uyaepushe na rangi ya tangi. Oili ya injini au ya foki inavimbisha mipira ya kalipa.

Kutoa hewa: bonyeza mkono, shikilia, fungua nati ya kutolea hewa kwenye kalipa robo mzunguko, funga, achia mkono. Rudia hadi mapovu yaishe, na usiache kikombe cha juu kikauke. Mkono ukibaki laini, funga mkono wa breki kwa mpira usiku kucha; hewa ndogondogo itapanda yenyewe. Unganisha swichi ya taa ya breki ya mbele, maana ya zamani ya kebo haitafaa.

Vizuizi, kebo na taa

Pinda usukani hadi mwisho kila upande. Kibano cha chini lazima kigonge kizuizi cha chesisi kabla bomba halijagonga tangi na kabla kidole chako hakijabanwa kati ya usukani na tangi. Kama vizuizi havikutani, ongeza kipande cha chuma kwenye kizuizi cha kibano, si kwenye shingo. Kisha washa injini na upinde tena: mlio ukipanda, kebo ya akseleta ni fupi. Hosi ya breki isivutike foki ikiwa imenyooka yote, wala isiguse tairi ikiwa imebonyea.

Kebo ya spidi mara nyingi haipatani na habu mpya. Spidomita ya umeme yenye sumaku kwenye gurudumu ndiyo njia fupi, mradi uingize mzunguko halisi wa tairi, uliopimwa sakafuni kwa chaki. Mwisho, elekeza taa upya, kwa sababu kimo cha mbele kimebadilika.

Kujaribu

Anza kwenye barabara tulivu ya mtaa, asubuhi mapema, bila abiria. Zoesha pedi kwa vituo 20 hadi 30 vya kawaida, kutoka kasi ya 40 hadi 10, bila kufunga gurudumu. Kisha panda matuta kwa mwendo mdogo ukisikiliza.

Mlio mmoja mkavu, "tok", kila ukishika breki ni beringi za shingo zilizolegea. Pikipiki ikivuta upande mmoja, pima kama gurudumu liko katikati na kama kimo cha oili kinalingana. Usukani ukitikisika kwenye kasi ya 60 hadi 80 huku beringi ziko sawa, rudi kwenye hesabu ya mfuato. Kushusha bomba kwenye vibano ili mbele ipande mm 10 kunaweza kutosha. Ikiwa inayumba polepole kwenye kasi kubwa, angalia kwanza beringi zilizokazwa kupita kiasi, halafu tairi la nyuma na bushi za mkono wa nyuma, ule unaobeba gurudumu la nyuma. Kalipa ikipata moto bila breki kushikwa, huenda ekseli au spesa inaipindisha.

Usiende Outering Road wala Thika Road hadi dalili hizi zote ziishe. Baada ya km 300 hadi 500 beringi za shingo zitakuwa zimekaa, kwa hivyo rudia jaribio la kidole na ukaze upya, pamoja na bolti za vibano, kalipa na ekseli. Ikifika km 1000, mwaga oili ya shoki uweke mpya, na upake tena chaki na mafuta ya taa kwenye shingo.